Gurudumu Lililochukua Vidole vya Nahashon Moseti

Nahashon Moseti hakukatwa vidole kwa wizi. Lianzie hapo, na anayetaka kuamini vingine aamini, ila asije akasema hakuambiwa.

Maneno yamezunguka Nyamira kama nzi wa buchari. Kwamba Nahashon alikwenda Uarabuni akaiba mota ya pikipiki, akashikwa, na wenye nchi wakamkata vidole vitatu vya mkono wa kulia kwa upanga, watu wakitazama. Wengine wameongeza kwamba ilikuwa Ijumaa. Siku hiyo ndiyo kitu pekee walichopatia. Lakini upanga haukuwapo, hakimu hakuwapo, na hakuna kilichoibiwa. Mkewe Kwamboka alifanya kazi ya uuguzi Doha kwa miaka saba, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kufunga kidonda cha mtu aliyekatwa mkono kwa wizi. Mota ilinunuliwa dukani. Kwamboka alisimama kando ya mumewe alipokuwa akiinunua, na ndiye aliyemshikia helmeti wakati akiibeba kutoka dukani.

Wanaosema "lisemwalo lipo" wangetafuta kwanza aliyelisema.

Nahashon alizaliwa katika nyumba ya fimbo. Baba yake, fundi wa mawe, alikuwa na mkono mzito, na akirudi amelewa hakuchagua wa kumpiga. Nahashon ndiye aliyekuwa mkubwa. Mdogo wake Arnold alipozaliwa, yeye alikuwa keshapata ndevu, na tangu mtoto huyo alipoanza kusimama, fimbo zilizomlenga mtoto, Nahashon alizipokea mgongoni mwake mwenyewe. Siku moja alimpokonya mzee mpini wa jembe akauvunja gotini, akampa vipande viwili. "Sasa una fimbo mbili," alimwambia. "Anza na mimi." Mzee hakuanza. Tangu siku hiyo Arnold alilala chumba cha kakake.

Januari 2008, siku za ghasia za baada ya uchaguzi ambazo kila Mkenya wa umri ule anazikumbuka, Nahashon alikuwa na karakana ya pikipiki Kericho na Arnold alikuwa akiishi naye. Watu walikuja na petroli na mapanga. Walikuwa watu aliowatengenezea pikipiki wiki iliyotangulia, wengine akiwajua hadi majina ya wake zao. Nahashon alisimama mlangoni na bomba la ekzosi. Wa kwanza kuingia alivunjwa mtulinga. Wa pili alipigwa hadi bomba likapinda. Jiwe likampata Arnold juu ya jicho, na hapo Nahashon akaacha karakana iungue, akambeba mdogo wake mabegani akapita naye mashamba ya chai, damu ya kichwa cha mtoto ikimtiririkia shingoni. Kovu lile Arnold analo mpaka leo. Alikuwa akilionyesha kwa wasichana na kusema, "Hapa ndipo bro aliponiokoa."

Hasira alikuwa nayo, hilo halifichwi. Ila mkewe hakuwahi kuguswa hata na kofi moja, na katika ukoo ule hilo si jambo dogo.

Kwamboka alikwenda Doha kwanza, akiwa na diploma yake ya uuguzi. Nahashon alimfuata, akapata kazi ya kuendesha basi la wafanyakazi. Binti yao Fiona alibaki Nyamira kwa bibi yake. Kisha Nahashon akahangaika mpaka Arnold naye akapata kazi ya ulinzi katika hoteli moja Al Sadd. Walikaa wote Al Wukair, katika jumba la zamani lililogawanywa vyumba, mlango wa kila mpangaji ukitazama ua mmoja wa saruji uliozungushiwa ukuta mrefu. Huo ua waliuita hoshi, kama walivyoita wenyeji.

Mabasi ya asubuhi hayakufika Al Wukair kwa wakati uliomfaa Nahashon, kwa hiyo alinunua pikipiki ya umeme iliyotumika, akawa anaenda nayo kwenye yadi ya mabasi. Aliipenda kwa aibu, kama mzee anayependa paka. Alikuwa fundi wa petroli. Kwake injini ilikuwa kitu kinachonguruma, kinachotoa moshi, kinachokuambia kwa sauti kama kimeamka au kimelala. Hii haikusema kitu. "Mama Fiona," alimwambia mkewe siku za kwanza, "hii ni kama kulala na mchawi. Hujui saa ngapi yuko macho."

Maneno hayo yakumbukwe.

Oktoba 2016 ile pikipiki ilizimika barabarani. Ilinuka rangi iliyoungua, na haikuamka tena. Arnold ndiye aliyekuwa ameichukua usiku uliotangulia. Alisema aliirudisha ikiwa nzima, na kwamba hakufika nayo popote zaidi ya dukani.

Ijumaa iliyofuata, mota mpya ikiwa imekwisha kununuliwa, Nahashon baada ya chai alitandika kadibodi katika hoshi, akaweka pikipiki yake juu ya kreti mbili za maziwa ya laban ili gurudumu la nyuma lielee. Katika pikipiki ile mota haikai chini ya tangi. Imo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, duara la chuma zito kama jiwe la kusagia, na nyaya zake hutokea katikati ya mhimili. Kubadilisha mota ni kubadilisha moyo wa gurudumu. Alifungua nati, akachomoa nyaya, akalishusha gurudumu, akavua tairi kwa vyuma viwili bapa, kisha akafungua kifuniko cha mota ya zamani ili aone kilichoiua.

Kwamboka alikuwa mlangoni akimenya ndizi. Aliona mumewe ameinamisha kile kifuniko, na mchanga ukamwagika. Haukuwa vumbi la barabarani. Ulikuwa mchanga wa jangwani, mweupe, ujazo wa konzi nzima. Ndani, nyaya za shaba zilikuwa nyeusi kama mkaa.

"Arnold!"

Arnold alitoka chumbani na fulana ya ndani, macho bado yana usingizi.

"Duka gani hilo lenye matuta ya mchanga?"

"Mchanga uko kila mahali, bro. Hii ni Qatar."

"Mlipanda wangapi?"

Marvin, dereva wa teksi aliyepanga chumba cha tatu, alicheka akiwa ananyoa ndevu kwenye kioo cha dirisha. "Watatu," alisema bila kugeuka. "Niliwaona wakitoka. Walikuwa kama mishikaki."

"Marvin, funga mdomo wako!" Arnold alimfokea.

"Mimi nanyoa, ndugu yangu. Mdomo lazima uwe wazi."

Nahashon alinyanyuka. "Umepanda matuta ya mchanga na pikipiki ya kwenda kazini, watu watatu, na ukanitazama machoni ukasema dukani."

"Ni chuma tu. Kwani umezaa nayo?"

Kofi lilitua kabla ya neno la mwisho kuisha. Arnold hakuwa mtoto tena, alikuwa mrefu kuliko kakake kwa kichwa kizima, na mazoezi ya ulinzi yalikuwa yamempa kifua. Alirudisha kwa ngumi ya tumbo. Nahashon alijikunja, akainuka na kichwa chake chini ya kidevu cha mdogo wake, meno yakagongana kwa sauti iliyosikika hadi jikoni. Walianguka juu ya kadibodi. Spana zilitawanyika. Arnold aliokota moja akampiga nayo kakake begani, mara mbili, na mara ya tatu Nahashon akaushika mkono ule ukiwa hewani akaupinda mpaka spana ikaanguka yenyewe. Kisha akamkalia kifuani na kumpiga usoni kwa mkono wa kulia, bila haraka, kama mtu anayegongomea msumari.

Kwamboka alitupa sinia la ndizi akamshika mumewe shingoni kutoka nyuma. "Baba Fiona! Baba Fiona! Huyu ni Arnold!"

Ndipo alipoacha. Alikaa pale akihema, akitazama uso uliokuwa chini yake, mdomo umepasuka, pua inatoka damu, na lile kovu la Kericho juu ya jicho. Alimshika Arnold mkono akamwinua. Alimfuta damu kwa ncha ya shati lake mwenyewe. "Nenda kaoge," alisema. "Ukimaliza uje unishikie usukani. Kazi hii haiwezekani na mtu mmoja."

Na Arnold akaoga, akarudi. Yaandikwe hayo pia, kwa maana wanaosema walikuwa maadui hawakuwaona wakiwa wameinamia gurudumu moja, mmoja ana bega lililovimba na mwingine ana pamba puani.

Mota mpya iliingia vizuri. Nahashon aliihamishia tairi na sahani ya breki, ile sahani nyembamba ya chuma yenye matundu inayozunguka pamoja na gurudumu. Akakaza nati, akaunganisha nyaya nene tatu, ya manjano, ya kijani na ya buluu, kila moja kwa mwenzake. Akachomeka betri, akawasha swichi, akamwambia Arnold azungushe mshikio wa kulia kidogo kabisa. Gurudumu likatetemeka, likazunguka kinyumenyume.

"Inarudi Kenya," Marvin alisema.

Hata Arnold alicheka, akishika mdomo wake uliopasuka. Nahashon alizima, akachomoa nyaya, akabadilishana mbili kwa jozi zake, pamoja na zile nyembamba za kupeleka habari za mota, akawasha, wakajaribu tena. Sasa likazunguka mbele, laini, bila sauti isiyokuwa ya upepo. Nahashon aligonga magoti yake kwa furaha. Gurudumu likapunguza mwendo, likasimama.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilikuwa la fundi aliyelelewa na petroli. Miaka yote mikono yake ilikuwa imezoea kwamba chuma kikinyamaza kimelala. Unaweza kutia kidole popote. Alisikia kimya, akaona kazi imekwisha, akasahau kwamba swichi bado imewashwa. Waya mmoja ulikuwa umening'inia karibu na sahani ya breki. Alipiga goti, akapitisha vidole vya mkono wa kulia katika matundu ya sahani ile ili aukamate upande wa pili na kuufunga.

Arnold alikuwa bado ameshika usukani. Alikuwa akitazama pikipiki kwa dharau ya mtu aliyepigwa mbele ya shemeji yake na mbele ya jirani. "Uuze hii takataka, bro," alisema. "Nunua ya petroli. Mwanamume hapandi kitu kisichonguruma."

Nahashon alijibu akiwa ameinama. Hakuinua hata kichwa.

"Mwanamume gani? Mwanamume angesema ukweli. Wewe bado ni omoisia."

Asiye Mkisii hatauelewa uzito wa neno hilo. Omoisia ni kijana ambaye hajatahiriwa. Kumwita hivyo mtu aliyekwisha kutiwa jandoni ni kumvua nguo hadharani, na watu wamewahi kuuana kwa neno hilo moja vilabuni. Na huyu hakuitwa hivyo na mlevi. Aliitwa hivyo na yule yule aliyekuwa amemshika mabega alipokuwa akitahiriwa.

Kwamboka aliona mkono wa kulia wa Arnold ukikaza. Aliona kifundo cha mkono kikizunguka, mpaka mwisho.

Hakukuwa na mngurumo. Gurudumu liliruka likiwa palepale, kreti zikateleza, na sauti pekee iliyosikika ilikuwa kama ya kuni mbichi inayovunjwa, tatu mfululizo, kisha sauti ya Nahashon. Damu iliruka mviringo, ikachora mstari ukutani, juu ya kadibodi, juu ya fulana nyeupe ya Arnold. Sahani ilikuwa imevipeleka vidole kwenye breki na breki imevikatilia mbali. Mhimili ulikita saruji, pikipiki nzima ikaanguka juu ya mguu wa Nahashon, gurudumu likiendelea kuzunguka na kurusha damu kama bomba lililopasuka, mpaka Marvin alipoirukia na povu la sabuni usoni akachomoa betri.

Arnold alikuwa amesimama. Mikono yake ilikuwa bado imekunjwa, kana kwamba imeshika usukani ambao haukuwapo tena.

Kwamboka hakulia. Kulia ni kwa baadaye. Alichana leso aliyojifunga kiunoni, akaifunga juu ya kifundo cha mkono wa mumewe, akapitisha mwiko wa ugali akauzungusha mpaka damu ikapungua. "Mwinue mkono juu ya kichwa! Marvin, lete gari! Arnold, tafuta vidole!" Arnold hakusogea. Kwamboka alimpiga kibao kwa mkono wenye damu ya kakake. "Tafuta vidole!"

Alivitafuta akiwa amepiga magoti. Vilipatikana viwili, vimepondeka, na cha tatu hakikupatikana kamwe. Kwamboka alivitia katika mfuko wa barafu ya samaki, akijua kwa macho yake ya kazi kwamba havitashonwa, na havikushonwa. Walipotoka lango la hoshi Nahashon aliuliza jambo moja tu: "Arnold yuko wapi?" Arnold alikuwa amebaki akiosha ukuta.

Hospitali iliita polisi, kwa maana bega lililovimba na vifundo vya ngumi vilivyochubuka havitokani na mota. Ofisa alikuwa kijana mwenye adabu. Aliuliza kwa Kiingereza ni nani mwingine alikuwa pale. Kwamboka alimtazama mumewe. Neno moja tu lingetosha, na Arnold angelala korokoroni usiku ule, kisha angerudishwa nyumbani na jina la mtu aliyemkata kakake.

"Nilikuwa peke yangu," Nahashon alisema. "Nilisahau kuzima. Hizi za mkononi nilijigonga nikifungua nati. Ni kosa langu, afande."

Ofisa akamgeukia Kwamboka. Alijibu kwamba yeye alikuwa mlangoni akimenya ndizi. Hilo lilikuwa kweli.

Ofisa alipoondoka, Nahashon alimwambia mkewe: "Nilimbeba mtoto yule chini ya mawe. Siwezi kumtupa kwa sababu ya vidole." Halafu akamwambia jambo jingine, akamfanya aahidi. Ahadi hiyo imetimizwa.

Arnold hakumaliza mwezi. Aliacha kazi akarudi Nyamira, na watu walipomuuliza kakake amepatwa na nini, hakusema "pikipiki," wala hakusema "mimi." Aliinua mabega akasema, "Mambo ya Uarabuni hayo. Msiniulize." Hayo tu. Watu walichukua mabega yale wakayashonea upanga.

Nahashon na Kwamboka walirudi baadaye. Alifungua karakana Keroka, akafanya kazi kwa mkono wa kushoto na vidole viwili vya kulia, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Alijua yanayosemwa. Wateja wengine walificha spana zao akikaribia, kwa mzaha, wakicheka. Aliyefanya mzaha huo mara ya pili aliinuliwa kwa ukosi akawekwa ndani ya pipa la oili chafu. Kiharusi kilimchukua Julai 2019, akiwa amesimama.

Siku ya mazishi, watu wa mochari walikuwa wamemvisha glavu nyeupe mkono wa kulia, wakidhani ni heshima. Ilikuwa kama kuandika tuhuma kwenye jeneza. Herbert, binamu yake, alipopewa kipaza sauti alisema, "Marehemu alipata majaribu ng'ambo. Sote tunajua. Mungu husamehe hata mkono ulionyooshwa pabaya." Watu waliinamisha vichwa, na chini ya kofia za wanawake midomo ilitikisika.

Fiona alikuwa mstari wa mbele, na sare ya shule.

Kwamboka alimgeukia Arnold. "Shemeji," alisema, kwa sauti ya kawaida. "Sema."

Arnold alitazama viatu vyake. Kovu lake lilikuwa limewiva kwa jua.

Basi Kwamboka alikwenda kwenye jeneza. Shangazi mmoja alimshika mkono. Aliusukuma mpaka shangazi akakaa chini. Aliishika ile glavu, akaivua, akainua mkono wa mumewe, baridi na mzito, juu ya ukingo wa jeneza ili wa nyuma nao waone.

"Mimi ni muuguzi. Upanga hukata sawa. Njoo, Herbert. Njoo uone kama hapa pamekatwa sawa."

Herbert hakuja.

"Hapa pameraruliwa. Ni gurudumu la pikipiki yake, aliyoinunua, na mota yake, aliyoinunua mbele yangu. Swichi ilikuwa imewashwa. Alikuwa ametia mkono. Aliyeshika usukani alikuwa mdogo wake, huyu hapa, walikuwa wametoka kupigana, na Nahashon alimwita jina lisiloitwa mtu. Akamwambia polisi alikuwa peke yake. Huyo ndiye mwizi wenu."

Arnold alikuwa amepiga magoti kwenye udongo mwekundu uliochimbuliwa, mikono kichwani, analia kwa sauti ya juu kama mtoto. Herbert, kwa kuwa wapo watu wasiojua kunyamaza, alikisogelea tena kipaza sauti.

"Lakini shemeji, utuambie. Arnold alijua kwamba imewashwa? Alijua kwamba mkono umo ndani?"

Kwamboka alimrudishia mumewe glavu, kidole kwa kidole, na vile vitatu vitupu akavikunja vizuri chini ya kiganja.

"Mzikeni," alisema.

Alichokijua Arnold, Nahashon alikwenda nacho, na mkewe aliahidi kutokisema. Swali hilo limeulizwa kanisani, limeulizwa sokoni Keroka, limeulizwa hata na Fiona. Halikujibiwa huko na halitajibiwa hapa. Mlango huu umefungwa.